Usimdunge mbwa sindano ya kubahatisha, mpime damu kwanza

MBWA wa ploti Shirere akikataa ugali siku ya kwanza, watu husema ameshiba kwa jirani. Siku ya pili husema ana minyoo. Siku ya tatu mchango mdogo unapigwa, mtu anatumwa kwa agroveti na kurudi na tembe. Tembe zisipomsaidia, inafuata sindano ya vitamini, kisha antibayotiki iliyobaki kwa jirani mwenye ng'ombe. Mbwa akifa wiki inayofuata, hitimisho huwa moja: huyo amelishwa sumu.

Huenda kweli alilishwa sumu. Lakini huenda pia alikuwa na vimelea ndani ya damu, na tone moja chini ya hadubini lingewaonyesha. Shida ni kwamba hakuna aliyeangalia.

Ajabu ni kuwa sisi wenyewe hatukubali tena kutibiwa hivyo. Magharibi mwa Kenya ni ukanda wa malaria, na wazazi wetu wanakumbuka enzi ambapo homa yoyote ilikuwa malaria, unapewa dawa unaenda nyumbani. Mnamo 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Leo ukiingia zahanati unadungwa kidole kwanza. Daktari akikuandikia dawa bila kipimo, wewe mwenyewe unamwangalia vibaya.

Basi mbwa anayelinda ploti yenu usiku, na paka anayekumalizia panya kwenye keja, wanastahili swali hilo hilo kabla ya sindano. Na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya jibu haihitaji mashine za ajabu. Inahitaji daktari wa mifugo, hadubini, kifaa cha kuzungusha damu na mtu anayejua anachotafuta.

Mji unaopakana na malisho

Shirere ni mojawapo ya wadi sita za eneobunge la Lurambi, mjini Kakamega. Ni mtaa wa aina tunayoijua sana huku: nyumba za kupanga upande mmoja, boma lenye ng'ombe, migomba na mahindi upande wa pili. Mpangaji ana mipaka yake, mbwa hana. Asubuhi anapita kwenye nyasi walikolishwa ng'ombe, mchana yuko jalalani na wenzake, jioni amejikunja mlangoni pako.

Kakamega nayo ni kwa mvua. Nyasi hazikauki muda mrefu, kwa hivyo kupe hawana likizo ndefu.

Tena kuna kupe mmoja ambaye hata nyasi hazihitaji sana. Huyu ni kupe kahawia wa mbwa. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda au nyumba. Jike akishashiba damu hushuka, akapanda ukuta na kutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa au nyuma ya mbao. Ndiyo maana unamwogesha mbwa Jumamosi kwa dawa ya kupe, na kufikia wikendi nyingine wamerudi. Ulisafisha mbwa, hukusafisha banda.

Kupe angekuwa anakunywa damu tu na kuondoka, tungemvumilia. Lakini anapokunywa, anaacha wageni.

Wageni wa kwenye damu

Wa kwanza ni babesia. Hiki ni kimelea kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, karibu vile malaria inavyofanya kwa binadamu. Kimepewa jina la Victor Babeș, mwanasayansi wa Romania aliyekigundua katika damu ya ng'ombe mwaka wa 1888. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1893, Wamarekani Theobald Smith na Fred Kilborne walichapisha ushahidi kuwa kupe ndiye anayesambaza kimelea cha aina hiyo kwa ng'ombe. Kumbuka Ronald Ross alipata kimelea cha malaria ndani ya mbu mwaka wa 1897. Yaani ulimwengu ulijua habari za kupe na ng'ombe kabla ya kujua za mbu na sisi!

Mbwa mwenye babesia kali anapata homa, anachoka, fizi zinapauka, na wakati mwingine anakojoa mkojo wa rangi ya strungi. Hiyo rangi ni mabaki ya chembe zilizopasuka.

Wa pili ni erlikia, bakteria anayejificha ndani ya chembe nyeupe, zile zile zinazotakiwa kumlinda mbwa. Ugonjwa wake ulielezwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka wa 1935, katika mbwa wenye kupe. Ulikuja kupata umaarufu wakati wa vita vya Vietnam, ulipowaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, hasa wa aina ya German Shepherd. Vijana wanaofuga mbwa wa aina hiyo kwa biashara hapa mjini wazingatie hapo, kwa sababu hata sasa German Shepherd hujulikana kwa kuumizwa vibaya na ugonjwa huu.

Ubaya wa erlikia ni subira yake. Wiki chache za kwanza mbwa ana homa, hali vizuri, tezi zimevimba. Halafu anaonekana amepona. Anabweka, anakimbiza boda, anakula. Kumbe bakteria bado yuko, na anaweza kukaa kimya miezi au hata miaka. Siku ugonjwa ukirudi katika hatua yake ya mwisho, uboho unaotengeneza damu unakuwa umechoka. Mbwa anakonda, anatoka damu puani, madoadoa mekundu yanatokea tumboni na kwenye fizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila huyu mbwa hakuficha kitu. Damu yake ilikuwa tayari kusema, haikuulizwa.

Wa tatu ni tripanosoma, anayeenezwa na mbung'o. Wengi tunamjua kupitia malale kwa binadamu. Mnamo Agosti 2025 WHO ilithibitisha kuwa Kenya imeyamaliza malale kama tatizo la afya ya umma. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini wanyama bado wanaweza kuugua nagana kunakopatikana mbung'o. Kwa mbwa, dalili moja ya kuangalia ni jicho linalogeuka rangi ya samawati au ya maziwa, pamoja na homa na uvimbe wa uso au miguu. Kama mbwa wako alipelekwa ushago Busia au alikaa karibu na bonde la Lambwe, mwambie daktari mapema. Habari hiyo ndogo hubadilisha anachokitafuta.

Dalili moja, dawa tofauti

Sasa fungua mdomo wa mbwa wako leo akiwa mzima, uangalie fizi. Kama si wa kuzaliwa na fizi nyeusi, zinafaa kuwa za waridi. Bonyeza kwa kidole, pageuke peupe, uachilie. Rangi inafaa kurudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Jifunze sura hiyo ili siku ikibadilika uijue.

Fizi zikiwa nyeupe, unajua damu imepungua. Hujui kwa nini. Huenda ni babesia inayopasua chembe. Huenda ni erlikia inayozuia chembe mpya kutengenezwa. Huenda ni minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, hasa kwa watoto wa mbwa. Huenda ni viroboto wengi mno. Huenda ni sumu ya panya, ambayo huzuia damu kuganda na mbwa akavuja damu ndani kwa ndani bila wewe kuona tone.

Kwa macho, hao wote ni mbwa mmoja: amelala, hataki chakula, fizi nyeupe. Kwa dawa, kila mmoja ana njia yake. Safura huondolewa kwa dawa ya minyoo. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida kila siku kwa takriban wiki nne. Sindano moja haitoshi. Babesia huhitaji dawa nyingine kabisa, kama imidokabu au diminazini, na sumu ya panya huhitaji vitamini K. Ukikosea mlango, unapoteza siku, na mbwa mwenye babesia kali hana siku nyingi za kupoteza.

Tena kukosea kwenyewe kunaweza kuua. Diminazini ni dawa ya kawaida ya ng'ombe, na madukani inapatikana. Kwa mbwa, tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ubongo ni ndogo. Ivamektini ya ng'ombe nayo ina nguvu iliyopangiwa mnyama wa kilo mamia. Ukimkadiria mbwa wa kilo 15 kwa jicho, unacheza kamari na mwili wake. Kisha kuna antibayotiki zinazotolewa siku mbili na kuachwa: hapo unawafundisha bakteria kuzoea dawa, na hao bakteria hawajui kama wewe ni mbwa au mwenye mbwa.

Tone la damu linasoma vipi?

Watu wakisikia kupima damu, wanafikiria mashine kubwa na bili kubwa. Hebu tuangalie kinachofanyika.

Daktari hunyoa kidogo mguu wa mbele au shingo, anapaka spiriti na kuvuta mililita chache za damu. Sehemu inaingia kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia damu isigande. Hiyo ni ya kuhesabu chembe. Sehemu nyingine inaingia ya kifuniko chekundu, inaachwa igande ili maji yake yapimwe ini na figo.

Kipimo cha kwanza ni rahisi ajabu. Damu inajazwa kwenye mrija wa kioo mwembamba kama njiti, inazibwa upande mmoja, inazungushwa kwa kasi dakika chache. Inajitenga tabaka tatu: nyekundu chini, ukanda mwembamba mweupe katikati, maji juu. Unapima nyekundu imechukua asilimia ngapi ya urefu wote. Kwa mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55. Kwa paka huwa chini kidogo, karibu 30 hadi 45. Mbwa akishuka chini ya 20, hiyo ni dharura, na daktari anaanza kuwaza habari za kumwongeza damu.

Mrija huo huo una mengine ya kusema. Maji ya juu yakiwa ya manjano sana, daktari anashuku ini au chembe zinazopasuka. Yakiwa mekundu, chembe zinapasukia ndani ya mishipa. Na tripanosoma hupenda kukusanyika pale tabaka jeupe linapokutana na maji, kwa hivyo daktari huuweka mrija chini ya hadubini na kutafuta kitu kinachocheza.

Kipimo cha pili ni tone lililotandazwa kwenye kioo, likakauka, likapakwa rangi ya Giemsa. Ndiyo ile ile inayotumika kutafuta malaria ya binadamu. Kwa babesia, tone la kwanza kutoka ncha ya sikio mara nyingi ni zuri kuliko la mguuni, kwa sababu chembe zenye vimelea hukwama kwenye mishipa midogo. Mpimaji akiona viumbe wawili wenye umbo la tone la maji, wameungana ncha ndani ya chembe nyekundu, kesi imeisha.

Kwa erlikia hadithi ni ngumu zaidi. Ni nadra kumwona bakteria mwenyewe kwenye kioo. Kwa hivyo kioo kisafi hakimaanishi mbwa ni msafi. Hapo daktari anahesabu chembe sahani, zile za kugandisha damu. Mbwa mzima ana takriban 200,000 hadi 500,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Zikiwa zimeporomoka, na mbwa ana historia ya kupe na homa, shaka inakuwa nzito.

Kuna pia kipimo cha haraka chenye mistari, kama kile cha malaria au cha ujauzito. Unadondosha damu, unasubiri dakika chache. Lakini chanuka hapa: vingi kati ya vipimo hivi vinatafuta kingamwili, yaani ushahidi kuwa mwili uliwahi kukutana na erlikia. Kingamwili hubaki miezi mingi hata baada ya matibabu kufaulu. Mstari peke yake hauwezi kukuambia kama mbwa anaumwa leo. Mstari pamoja na chembe sahani zilizoshuka na dalili, hapo ndipo una hadithi kamili.

Mwisho ni vipimo vya ini na figo. Hivi ni muhimu kwa mnyama mzee, au kabla ya upasuaji na dawa kali. Kimoja kinaitwa kreatinini, na kina tabia ya kuchelewa: hupanda figo zikiwa tayari zimepoteza karibu robo tatu ya kazi yake. Kwa hivyo jibu la "kawaida" si cheti cha afya ya milele.

Kipi kifanyike hapa, kipi kitumwe

Mrija, kioo na kipimo cha mistari vinaweza kufanywa na kliniki ya mifugo yenye vifaa vya msingi, na majibu yakatoka siku hiyo hiyo. Kabla hujabeba mbwa kwa boda, piga simu uulize maswali mawili: mna hadubini inayofanya kazi, na nani anaisoma?

Vipimo vizito zaidi hutumwa. Serikali ina maabara ya kikanda ya uchunguzi wa mifugo Eldoret, ambayo ndiyo iliyo upande wetu wa nchi, na maabara kuu ziko Kabete, Nairobi. Huko Kabete pia ndiko kilipo kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Damu inasafiri, lakini ina masharti. Chupa ya damu iwekwe kwenye ubaridi, isigandishwe barafu, na ifike haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja. Kioo kilichotandazwa damu kitengenezwe hapo hapo, kikaushwe na kifungwe mbali na unyevu. Hicho hakiingii friji. Jina la mnyama na tarehe viandikwe kwenye kila chupa. Sampuli isiyo na jina ni damu tu.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wa rika letu wataifikiria. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko papa hapa mjini, na kinafundisha sayansi ya maabara ya tiba. Kila mtu ana rafiki anayesomea huko. Si nimpelekee tu chupa?

Kwa kutazama kioo, jicho lililozoea malaria lina manufaa fulani. Lakini mashine ya kuhesabu damu ya binadamu imepangwa kwa chembe za binadamu. Chembe nyekundu za paka ni ndogo, na chembe sahani zake zinaweza kuwa kubwa kiasi kwamba mashine inazichanganya hizo mbili. Itakupa namba safi kabisa zisizo za kweli. Hata namba zikiwa sawa, karatasi italinganisha mbwa na mtu. Mwache rafiki asome, mbwa apelekwe kwa daktari wake.

Na huyo daktari awe daktari kweli. Sheria ya mwaka wa 2011 inataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya (KVB). Kuuliza namba ya usajili si dharau. Ukiwa na shaka, anza na afisi ya mifugo ya kaunti. Katiba ya 2010 iliweka huduma za mifugo na hata leseni za mbwa mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hapo huombi msaada, unadai huduma.

Paka naye?

Paka wa keja hapati kupe wengi kama mbwa, lakini ana hatari zake. Kubwa kuliko zote ni sisi wenyewe na kabati la dawa. Usimpe paka parasetamoli hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, na damu yake inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Tembe moja inatosha kumuua.

Paka dume anayezurura na kurudi na makovu anaweza kupimwa virusi vya upungufu wa kinga vya paka, vilivyotambuliwa California mwaka wa 1986. Virusi hivyo ni ndugu wa mbali wa HIV, ila havimwambukizi binadamu, kwa hivyo hakuna sababu ya kumfukuza. Paka mwenye virusi hivyo akitunzwa ndani anaweza kuishi miaka mingi.

Na ikifika kuongezwa damu, mbwa na paka si sawa. Mbwa kwa kawaida huvumilia damu ya mbwa mwingine mara ya kwanza, ingawa ni vyema kupima kundi. Paka wa kundi B akipewa damu ya kundi A anaweza kufa siku hiyo hiyo, hata kama ni mara yake ya kwanza. Kwa paka lazima kundi lijulikane kabla.

Ambacho damu haiwezi kukuambia

Kuna ugonjwa mmoja ambao hautapatikana kwa njia hii, nao ndio unaoweza kukuua wewe. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kichaa cha mbwa katika mnyama aliye hai. Uthibitisho wake hutoka kwenye ubongo, mnyama akishakufa. Inakadiriwa kuwa kichaa cha mbwa huua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka, na mkakati wa kitaifa wa kukimaliza ni wa 2014 hadi 2030.

Kwa hivyo mbwa akibadilika tabia ghafla, akiuma ovyo, akitokwa na mate na kushindwa kumeza, usimshike ati umpeleke kupima damu. Usiingize mkono mdomoni kuangalia fizi. Mweke mbali na watu na uite afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Damu inahusika na kichaa cha mbwa kwa njia moja tu: kupima kama chanjo ilishika. Anayetaka kumpeleka mbwa wake Ulaya kutoka Kenya lazima amchanje, angoje angalau siku 30, damu ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Cuzo wako wa Ujerumani akikuomba umtumie mbwa wiki ijayo, mwambie arudi kwenye kalenda.

Tuongee pesa

Najua unachofikiria. Kodi inasumbua, kazi ni za kuokoteza, na sasa mbwa naye apimwe? Swali ni la haki. Lakini hesabu tembe, hesabu sindano ya vitamini, hesabu antibayotiki ya nusu dozi, nauli ya boda mara tatu. Hiyo yote ilikuwa pesa, na ilinunua kubahatisha.

Kama mfuko ni mdogo, usiombe kila kipimo. Anza na mrija wa asilimia na kioo cha hadubini. Viwili hivyo vinajibu maswali mawili makubwa: damu imepungua kiasi gani, na je, kuna kimelea anayeonekana? Kila kipimo kingine, muulize daktari kabla hujalipa: jibu likitoka hivi au vile, utabadilisha nini kwenye dawa? Akikosa jibu, pesa yako ibaki mfukoni. Na akisema mbwa yuko hali mbaya mno, aanze dawa huku majibu yakisubiriwa, hilo nalo ni uamuzi wa kitabibu halali, mradi damu imetolewa kabla ya sindano ya kwanza. Dawa ikishaingia, vimelea hupungua na kioo kinaweza kudanganya.

Mbwa wa ploti ni wa ploti, na M-Pesa haijasahau namba za wapangaji. Nyumba kumi zikichanga kidogo, mzigo unakuwa mwepesi, na usiku anawabwekea wezi wa wote kumi.

Wewe unayezalisha watoto wa mbwa kuuza, kwako hii ni mtaji. Mpime jike kabla ya kumpandisha. Jike mwenye erlikia iliyojificha anaweza kuugua katikati ya kunyonyesha, na mteja aliyenunua mtoto mwenye fizi nyeupe hatarudi, wala hatanyamaza.

Ukifika kliniki, nenda na mambo matano kichwani: ameacha kula lini, ameokotwa kupe lini mara ya mwisho, amesafiri wapi, amechanjwa nini, na amepewa dawa gani tayari, hata ile ya jirani. Hiyo ya mwisho watu huificha kwa aibu, na ndiyo daktari anayoihitaji kuliko zote. Ukirudi nyumbani, kabla hujamfunga mbwa bandani, mulika tochi kwenye nyufa za ukuta. Hapo ndipo mgonjwa wa mwezi ujao anapoandaliwa.